Mifupa Ikiwa Bado Laini

Mwanangu wa kwanza alizaliwa nyayo zake zikitazamana. Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia ndani, wa kushoto vilevile, na nyayo zilikutana katikati kama watu wawili wanaonong'onezana jambo ambalo mimi mama yao sikutakiwa kulisikia. Mkunga alimfuta, akamfunga kanga upesi kuliko ilivyostahili, akanikabidhi, akasema hongera mama, ni binti. Mimi nina tabia ya kufungua kila kinachofungwa mbele yangu. Nikafungua.

Kabla ya siku ile mimi na Mungu hatukuwa na ugomvi. Nilikulia katika nyumba ya Wakatoliki, kama nyumba nyingi za Ufipa, na kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza hakuna aliyenishinda. Katekista akianza kuuliza, mkono wangu uko juu kabla hajamaliza. Mungu yukoje? Ni mkamilifu, hapungukiwi kitu. Na alivyoviumba? Ni vyema vyote. Nilijibu kwa sauti ya mtu anayetaja jina la baba yake. Haikunipitia akilini kuuliza inakuwaje fundi asiyekosea akatoa kazi iliyopinda. Nilikuwa mtoto wa kujibu, si wa kuuliza. Sasa nilikuwa nimelala kitandani, nimeshajifungua, na swali lenyewe limefungwa kanga, linanyonya.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili mtaa wa Chanji, mjini. Mume wangu alikuwa mmoja wa vijana waliorukia biashara ya mahindi serikali ilipoacha kuwa mnunuzi pekee. Alipanda malori kuteremka Kasanga, mahindi yakapakiwa kwenye maboti kuvuka ziwa kwenda Zambia na Kongo, yeye akarudi na dagaa na vitenge. Mtoto alizaliwa yeye yuko huko bandarini. Aliporudi alimfunua, akamtazama miguu, akamfunika, kisha akatoka uani kupanga magunia ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Sikumlaumu. Kila mtu ana mahali pake pa kulilia.

Mama mkwe alikuja kutoka kijijini kwake Kasense siku hiyohiyo alipopata habari, kwa miguu, na kuku mikononi na unga wa ulezi kichwani. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye viganja vipana vya mtu aliyeshika jembe tangu utotoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, pole na uchungu, akanawa, akamchukua mjukuu wake. Aliitazama ile miguu kwa muda mrefu. Kisha akaipuliza, taratibu, kama unavyopuliza uji wa mtoto, akamrudisha kifuani kwangu, akaenda kuwasha moto.

Wageni wakaanza kumiminika. Kwetu kitu kikiharibika watu hawaulizi kwa nini, wanauliza nani. Mmoja aliniuliza kama nilikuwa nimeruka kamba ya ng'ombe nikiwa mjamzito. Mwingine alitaka kujua kama niliwahi kumcheka kilema. Wa tatu, jirani yangu wa mlango kwa mlango, akasogea karibu na kuninong'oneza kwamba kwenye harusi yetu kuna watu hawakuridhika na pombe waliyopewa, na akaanza kuwataja. Mama mkwe alikuwa anakoroga uji. Aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Hapa tumekuja kumtazama mzazi," alisema, "hatujaja kutafuta mchawi. Aliyemwumba huyu mtoto ndiye anayejua alichofanya."

Alisema kwa nia njema, na jirani aliaga mapema. Lakini maneno yake yalinikaa. Aliyemwumba ndiye anayejua alichofanya. Basi, nikajiambia, mshtakiwa ameshatajwa, tena na mama mkwe mwenyewe. Jioni nilimwambia kwamba mtoto hatabatizwa mpaka Mungu aniambie alikuwa anafikiria nini.

Alidhani ni uchungu wa uzazi unaongea. Alipoona siku zinapita na mimi sibadiliki, hofu ikamwingia. Kwa mwanamke wa rika lake, mtoto mchanga asiyebatizwa alikuwa kama nyumba isiyo na mlango.

"Mwanangu, na Mungu akimchukua hivihivi?"

"Mama, aliyemleta hivi anamjua. Akimtaka tena atampokea alivyo."

"Unamgomea Mungu?"

"Namgomea."

Alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa na hasira ya kweli, hasira ya kumpiga mtu, ila huyo wa kumpiga nilikuwa sijui anakaa wapi. Nikitazama dirishani naona watu wanapita barabarani, kila mmoja na miguu yake miwili imenyooka, hata wale wavivu, hata walevi wa kilabuni, wanaitumia kwenda mahali pasipo na maana yoyote. Niliwaonea wivu walevi. Swali langu halikuwa la mafundisho tena. Nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama mwanangu atatembea.

Mama mkwe naye alikuwa na kazi yake, na kazi hiyo haikungojea majibu ya mtu. Asubuhi na jioni alimkanda mtoto. Kila bibi wa kwetu hufanya hivyo: maji ya moto kwenye beseni, kitambaa kinachovukizwa, viganja vilivyopakwa mafuta. Alimkanda kichwa kikawa cha mviringo, akamvuta pua kidogo, akamnyoosha mikono, akambonyeza mgongo. Kila alipofika kwenye miguu alitumia muda mrefu zaidi, akiizungusha nje polepole huku akimwimbia kwa Kifipa kitu kisicho na maneno mengi. Nilimwambia anajichosha. Alisema mtoto hazaliwi amekwisha, mtoto anamaliziwa nyumbani. Niliona ni maneno ya kizee, nikageukia ukutani.

Mume wangu ndiye aliyesikia, huko kwenye malori, kwamba hospitalini kuna mtu anayefunga miguu ya watoto. Tulimpeleka. Yule bwana watu walimwita daktari, ingawa mwenyewe alisema yeye ni mtu wa plasta tu. Alikuwa mnene, mcheshi, shati lake jeupe lina madoa ya chokaa kama la mpaka rangi. Alimlaza mtoto mezani, akashika unyayo mmoja kwa vidole vitatu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mmekuja mapema," alisema. "Vizuri sana. Wengine wananiletea mtoto ameshaanza kukimbiza kuku."

Alitueleza kwamba atainyoosha miguu kidogo, ataifunga plasta ngumu, ile watu wanayoiita hogo, ikae wiki, aifungue, ainyooshe kidogo tena, afunge tena. Hivyo hivyo, mpaka miguu isahau ilikotoka. Plasta zenyewe hospitali haikuwa nazo, ilibidi tukanunue kwenye maduka ya dawa ya watu binafsi yaliyokuwa yameanza kufunguliwa mjini. Mtoto alilia kilio ambacho sikujua anacho. Nilirudi Chanji nimembeba binti mwenye miguu mizito kama ya sanamu ya kanisani.

Mama mkwe aliigonga ile hogo kwa ukucha. "Sasa namkandaje?"

"Humkandi mama. Humgusi."

Nilisema kwa ukali ambao mkwe hapaswi kuutumia, na yeye akainamisha uso. Wiki ile ilikuwa ngumu kwake kuliko kwa mtoto. Alizunguka chumbani kama mtu aliyepoteza funguo. Mtoto asiyekandwa, kwa imani yake, anakauka vibaya, kama tofali lililotoka kwenye kalibu kabla ya wakati, na yeye alikuwa anatazama tu likikauka.

Siku moja nilienda sokoni kununua maharage. Niliporudi nilisikia mtoto anacheka, ile sauti ndogo ya watoto wachanga ambayo bado si kicheko hasa. Niliingia. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, beseni katikati ya miguu yake, na ndani ya beseni mwanangu ameloweshwa mpaka kiunoni katika maji meupe mazito kama togwa. Hogo yote ilikuwa imeyeyuka. Nyuzi za bendeji zilielea. Miguu ilikuwa nje, myekundu, inapiga maji, na bibi anaikanda kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa mali yake.

Nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Nilisema mambo ambayo hayaandikiki. Nilimwambia amemharibu mtoto, amemwaga plasta iliyotafutwa kwa taabu, arudi Kasense kwake akakande viazi. Yeye alimtoa mtoto majini, akamfuta katikati ya vidole, kidole kimoja baada ya kingine, akamvika, akanipa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Niliona anaumia, mwanangu. Na mimi dawa ninayoijua ni hii."

Kesho yake nilimpeleka mtoto hospitalini, na bibi nikaenda naye ili akajieleze mwenyewe. Mtu wa plasta alisikiliza kisa chote. Alicheka mpaka akashika meza, halafu akaacha kucheka na kumgombeza mama mkwe sawasawa, kwa heshima lakini bila kumpunguzia, kwamba siku moja isiyo na hogo ni hatua inayorudi nyuma. Alipomaliza kugomba akamwambia, "Lakini bibi, mimi hogo huwa naikata kwa kisu, na watoto wanaogopa kisu. Kuanzia leo utailowesha wewe. Asubuhi ya siku ya kliniki tu. Siku nyingine nikisikia umegusa maji, nakufunga wewe." Mama mkwe alipiga goti kidogo na kushukuru. Toka siku hiyo ilikuwa kazi yake, na asubuhi ya kliniki aliamka kabla ya jogoo kuchemsha maji.

Siku hiyohiyo, kabla ya kufunga upya, yule bwana aliniita nisogee. Nadhani aliona uso wangu.

"Mama, shika sikio lako," alisema.

Nikashika.

"Likunje."

Nikalikunja, likarudi.

"Mifupa ya mtoto wako leo ndiyo hiyo. Sio mfupa bado. Sasa leta kidole gumba."

Alikiweka kidole changu kwenye ukingo wa nje wa ule unyayo, chini kidogo ya kifundo, akaniambia nibonyeze polepole bila kuogopa. Nilibonyeza. Mwanzoni mguu ulikataa. Kisha nikahisi, chini ya ngozi ile nyembamba, vitu vidogo vikisogea, kimoja kikimpisha mwenzake, na unyayo mzima ukageuka na kunifuata. Ulikuja kama mtu anayeitwa jina lake. Mtoto hakulia. Alikuwa ananitazama.

Nikaogopa, na sijui kama nimewahi kuogopa vile tena. Haukuwa woga wa kitu kibaya. Ni ule woga wa kuingia mahali ukagundua mwenye nyumba yumo ndani, na alikuwa ameketi kimya muda wote ulipokuwa unamtukana sebuleni. Nilikuwa nimeshika kiumbe ambacho hakijakwisha. Kazi ilikuwa bado inaendelea chini ya kidole changu, na nilikuwa nimeruhusiwa kuigusa.  Nilitoa kidole, na yule bwana akaendelea kulowesha bendeji zake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Siku zile za kliniki, tukitoka hospitalini, nilizoea kupitia Kasense na mama mkwe kupumzika shambani kwake. Ufipa haina miti ya kumziba mtu macho. Ukisimama kwenye shamba lake unaona nyasi tu, zinapanda vilima na kushuka, na kivuli cha wingu kinatembea juu yake kimya kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine. Upepo wa pale haupumziki. Mvua zilikuwa zinaelekea kwisha, na mbolea ya dukani ilikuwa haishikiki bei tangu serikali iache kuichangia, hivyo watu wengi walikuwa wamerudi kwa nguvu kwenye kilimo cha wazee, cha intumba. Unalima nyasi pamoja na udongo wake, unazigeuza majani ndani mizizi juu, unazirundika ziwe tuta la mviringo, unaziacha zioze. Msimu ukija unatawanya ule udongo mweusi na kupanda. Kilima kizima kilikuwa kimejaa matuta hayo.

Niliketi na mwanangu mwenye miguu ya chokaa, nikimtazama bibi yake akigeuza nyasi, na nikamwuliza kwa nini Mungu hakutupa udongo mweusi tangu mwanzo, yakaisha.

Hakusimamisha jembe. "Ungeikuta nchi imeshalimwa ungefanya nini wewe? Ungekaa unasengenya tu."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu nijifungue. Kisha nikatazama vile vilima na machozi yakanilengalenga. Niliona kama nimejibiwa. Mkamilifu hakushindwa kukamilisha. Aliacha makusudi, aliacha pawe laini, ili na sisi tuwe na mahali pa kuweka mikono. Nilimwambia mama mkwe tutamtafuta padri. Alitupa jembe chini na kupiga vigelegele peke yake katikati ya nyasi, na mtoto akashtuka.

Siku ya kufungua hogo ya mwisho nilikuwa mtu mwingine. Mguu wa kulia ulikuwa umenyooka kabisa. Wa kushoto ulibaki na kiburi kidogo, na unacho mpaka leo. Mtu wa plasta alisema mtoto atatembea, tena atakimbia. Ubatizo ulikuwa umepangwa Jumapili ile. Nilikaa kwenye benchi la nje kungoja dawa ya kupaka, nimejaa furaha, na furaha yangu ni ya mdomoni. Lazima nimwambie mtu.

Aliyekuwa karibu ni mama mmoja wa rika langu, mwenye kitenge kilichofifia na harufu ya dagaa waliokaushwa. Alitoka Kasanga, amepanda lori na binti yake, msichana wa umri wa darasa la kwanza. Msichana alikuwa amesimama mbele yetu akichezea kamba ya gauni. Alisimama juu ya migongo ya miguu yake. Nyayo zilikuwa zimegeuka zikatazama nyuma, na pale juu, pasipopaswa kugusa ardhi, ngozi ilikuwa imekuwa ngumu kama ya kisigino.

Nilimsalimia, tukapeana pole, na mimi nikaanza. Nilimweleza habari ya sikio na mfupa, ya kidole changu, ya matuta ya Kasense. Nilimweleza jinsi Mungu alivyo na hekima, kwamba hatoi kitu kigumu, anakitoa laini ili tukimalizie. Naongea na naona uzuri wa maneno yangu. Yule mama alinisikiliza vizuri, akiitikia ehe, ehe, kama mtu wa pwani ya ziwa anavyoitikia.

Nilipomaliza aliniuliza, "Naweza kumshika?"

Nikampa mtoto. Alimpakata, akamfunua miguu, akaweka kidole gumba palepale, kwenye mguu wa kushoto, bila kuonyeshwa. Akabonyeza. Nikaona uso wake ukibadilika wakati unyayo ulipogeuka na kumfuata.

"Kumbe ilikuwa laini hivi," alisema.

Aliendelea kushika. Alisema wake alizaliwa na miguu iliyopinda hivyohivyo kama wangu. Kule kwao walimwambia ni mapenzi ya Mungu, amlee hivyohivyo, na yeye alikubali kwa sababu ni mtu wa kusali. Hakuna aliyemwambia kuwa ni laini. Amekuja leo kwa kuwa dereva mmoja wa malori alimweleza habari za mtu wa plasta, na mtu wa plasta amemwambia mifupa imeshakaza, sasa ni kisu cha upasuaji, na wa kushika kisu hicho hayuko Rukwa.

Binti yake alisogea akauliza, "Mama, huyu mtoto ana nini?"

"Hana kitu," alisema mama yake. "Yuko vizuri."

 Ule woga wa kwanza ulinirudia, mkubwa zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa naona kilichoachwa mikononi mwetu ni kikubwa kiasi gani. Dereva mmoja alikuwa amemweleza mume wangu mapema. Dereva mwingine alikuwa amemweleza yeye akiwa amechelewa. Mungu aliweka mfupa laini kwa wote wawili. Katikati palikuwa na barabara ya Kasanga na watu waliokuwa wanajua na hawakusema, au hawakujua, au walikuwa wanasali tu. Kosa hilo lilikuwa la nani, la Mungu au letu, sikuweza kusema na sijaweza mpaka leo.

Jumapili nilimpeleka mtoto kanisani. Padri alimwagia maji, mama mkwe alilia, mume wangu alivaa koti la mtumba lenye mikono mirefu kuliko yake. Nilisali, ila sikurudia yale majibu yangu ya mafundisho.

Binti yangu sasa ana watoto wake na anatembea kwa haraka kuliko mimi, mguu wa kushoto ukiburuza kidogo akichoka. Na mimi Chanji nzima wananijua kwa utovu wangu wa adabu. Nikisikia kuna mwanamke amejifungua, awe ndugu, awe mpangaji aliyehamia jana, nakwenda na sabuni yangu na mchele wangu, nasema hongera, na kabla ya kuuliza jina wala kuutazama uso wa mtoto, nanawa mikono na kumfunua miguu.